Moja Inakuwa Mbili: Namna Mikrobe ya Kolera Inavyozaa



Safari hii tunataka kujibu ulizo moja ambalo linarudi katika Kikula kila wakati kolera inapita. Watu wanasema hivi: "Huyu mutu alikula bukari yake muzuri mangaribi, alicheka na benzake, akaenda kulala. Usiku tumbo likaanza. Asubuhi macho imeingia ndani, sauti imepotea, na mbele jua lifike katikati amekwisha kufa. Ugonjwa gani unaenda mbio vile? Hapana, huyu kuko mutu alimufanya."

Kiisha maneno ya pembeni yanaanza. Mbele maiti itoke katika lupango, jina limekwisha kutajwa: ni bibi mzee wa nyumba ya nyuma, ni mke mwenza, ni yule jirani waliyegombana naye juu ya robine, mara nyingine ni mtoto mdogo. Tangu siku ile mtu huyo hana amani tena. Familia inazika mtu mmoja na kupoteza mwingine. Na wakati wote wanatafuta mchawi, bidoni ya maji iko palepale kwenye kona, na watoto wanaendelea kuchota mule na kikombe kilekile.

Sisi tunaona kwamba mbio ya ugonjwa huu inaweza kuelezwa bila kutaja jina la mtu hata mmoja. Inatosha kujua namna mikrobe inavyozaa, na kujua kuzidisha kwa 2. Mukamate kalamu na karatasi, tufanye hesabu pamoja.

1. MIKROBE YENYEWE

Kolera, ambayo vitabu vingine vinaiita kipindupindu, inaletwa na bakteria moja yenye jina Vibrio cholerae. Mtaliano Filippo Pacini aliiona katika mikroskopi kule Florence mwaka 1854, lakini waganga wengi wa siku zile hawakumsikiliza. Miaka 30 ikapita. Mwaka 1884 Mjerumani Robert Koch, akifanya kazi Calcutta katika nchi ya India, aliitenga mikrobe ile na kuieleza, na watu wakaanza kusadiki. Koch ni yuleyule aliyetangaza mikrobe ya kifua kikuu mwaka 1882.

Umbo lake ni sawa vile mkato tunaoandika katikati ya sentensi: kafimbo kadogo kenye kupinda, na mkia mmoja wa kuogelea. Ni ndogo sana. Ukipanga karibu 500 kwa mstari mmoja, zinafika milimita 1 tu. Ndiyo sababu maji yanaweza kung'aa kama kioo na mikrobe iko mule. Mtu akisema, "Mayi hii iko safi, niliiangalia na macho yangu," tumjibu kwa heshima kwamba macho yake hayana kosa, lakini kazi hii imeyapita nguvu.

Mwili wote wa mikrobe ni selule moja. Haina jike wala dume, haioi wala haiolewi, haitagi mayai. Katika ile selule tukumbuke vitu vinne: ukuta wa nje unaoshika umbo lake, ngozi nyembamba chini ya ukuta, maji mazito yenye protini nyingi, ambazo ni wafanyakazi wa nyumba, na ADN, ni kusema kile kitabu cha maagizo ambacho kila mtoto anakirithi. Katika mikrobe ya kolera ADN iko katika mizunguko miwili, mmoja mkubwa wenye karibu herufi milioni 3, na mwingine mdogo wenye karibu milioni 1. Wataalamu walimaliza kusoma herufi zote mwaka 2000.

2. NAMNA INAVYOJIGAWANYA

Watu wengi wanafikiri mikrobe inazaa sawa vile inzi au kuku. Sivyo. Inajigawanya yenyewe katikati. Tufuate hatua moja moja.

Hatua ya kwanza: inakula na kukua. Inavuta sukari na protini kutoka mahali ilipo, inatengeneza vitu vyake, na mwili unakuwa mrefu.

Hatua ya pili: inanakili kitabu chake. Uzi wa ADN una pande mbili zilizoshikana sawa vile zipu ya koti. Zipu inafunguka, na kila upande unakuwa mfano wa kuandikia upande mpya. Kazi inaanza mahali pamoja, inaenda kuume na kushoto, mpaka pande zote mbili zinakutana ngambo ya pili ya mzunguko. Na hapa kuna jambo la ajabu: mzunguko mkubwa unaanza mbele, ule mdogo unangoja kwanza, halafu unaanza nyuma, ili yote miwili imalizike karibu pamoja. Ni sawa vile mama anapika maharagwe na bukari. Anatia maharagwe kwenye mbabula mbele, bukari anasonga nyuma, na vyote vinafika mezani saa moja.

Hatua ya tatu: nakala zinaachana. Kitabu kimoja kinaenda mwisho huu, kingine mwisho ule, na katikati panabaki wazi.

Hatua ya nne: pale katikati panatokea pete. Imejengwa na protini yenye jina FtsZ, ambayo iko karibu katika bakteria zote. Ni Erfei Bi na Joe Lutkenhaus waliotangaza mwaka 1991 kwamba protini hii inafanya pete, walipochunguza bakteria nyingine ya matumbo, Escherichia coli. Pete inaongoza wajenzi wa ukuta. Wanajenga kuingia ndani kidogo kidogo, na kiuno kinakuwa chembamba, sawa vile mfuko wa unga unaofungwa kamba katikati.

Hatua ya tano: ukuta unakamilika, na selule mbili zinaachana.

Sasa tujiulize: kati ya hizo mbili, mama ni nani? Hakuna. Zote mbili ni watoto, na zote zimerithi kitabu kizima. Mama hakufa, hakuna maiti. Na hata vile hayuko tena. Na kila mtoto anaweza kuanza kazi ileile palepale, bila kungoja kukomaa.

Wakati kuna joto zuri na chakula cha kutosha, sawa vile katika maabara, kazi yote hii inachukua karibu dakika 20.

3. HESABU YA USIKU MMOJA

Dakika 20 ni muda mfupi kupita saa moja ya somo. Katika saa 1 kuna dakika 20 mara tatu, basi moja inakuwa 2, halafu 4, halafu 8. Tutie mikrobe moja tu katika chakula kizuri cha maabara jua linapozama, na tuhesabu mpaka asubuhi:

Mwanzo: 1
Baada ya saa 1: 8
Baada ya saa 2: 64
Baada ya saa 3: 512
Baada ya saa 4: 4,096
Baada ya saa 5: 32,768
Baada ya saa 6: 262,144
Baada ya saa 7: 2,097,152
Baada ya saa 8: 16,777,216
Baada ya saa 9: 134,217,728
Baada ya saa 10: 1,073,741,824

Kutoka moja mpaka kupita milioni elfu, katika usiku mmoja wa usingizi!

Angalieni tena orodha hiyo. Baada ya saa 3, ambayo ni karibu theluthi ya usiku, kuna 512 tu. Ni kama hakuna kitu. Sasa, ulizo: kama chombo kimejaa baada ya saa 10, kilikuwa nusu saa ngapi? Wengi wanajibu: "Baada ya saa 5." Hapana. Kilikuwa nusu baada ya saa 9 na dakika 40. Nusu nzima ya mikrobe ilizaliwa katika zile dakika 20 za mwisho.

Hapa ndipo jibu la wale wanaosema, "Ilikuya ghafula." Tunaona ghafula sababu hatuoni mwanzo. Kazi ilikuwa inaendelea wakati mtu anacheka na wenzake, lakini kwa hesabu ndogo ambayo mwili hausikii. Hesabu ya kuzidisha kwa 2 inanyamaza muda mrefu, halafu inapasuka. Bwana Yesu alisema mfano wa mwanamke aliyetia chachu katika unga mwingi mpaka wote ukaumuka. Chachu si bakteria, ni aina ya kuvu, lakini nayo inaongezeka namna hiyo: kidogo, kimya, kiisha yote.

Lazima tuseme ukweli kwamba tumbo la mtu si chombo cha maabara. Ndani ya mwili mikrobe nyingi zinakufa, nyingine zinafukuzwa. Kwa hiyo ugonjwa unaweza kuonekana baada ya saa chache, au baada ya siku 2 au 3, hata siku 5. Mtu aliyeanza kuhara leo usiku pengine alimeza mikrobe juzi. Ni juu ya hii chakula cha mangaribi, na mama aliyekipika, vinashitakiwa mara nyingi bila kosa.

4. JUU YA NINI DUNIA HAIJAJAA

Kama mikrobe moja ingeendelea kuzaa kila dakika 20 bila kizuizi, mbele siku 2 zitimie uzito wao wote ungepita uzito wa dunia. Tunaona kwamba haikuwa hivyo. Juu ya nini?

Wataalamu wanagawa maisha ya mikrobe katika chombo kwa vipindi vinne. Kipindi cha kwanza ni cha kuzoea: imefika mahali papya, inatengeneza vyombo vyake, haizai bado. Cha pili ni cha kuzidi mbio, kile cha orodha yetu. Cha tatu ni cha kusimama: chakula kinapungua, uchafu wao wenyewe unajaa, zinazozaliwa na zinazokufa ni sawasawa. Cha nne ni cha kufa.

Kwa sisi, maana yake ni hii: mikrobe inahitaji chakula, unyevu, joto la kiasi, na wakati. Ukiondoa kimoja, hesabu inakatika. Katika maji matupu ya kisima mikrobe ya kolera inaweza kukaa hai, lakini haizai kwa mbio ile, sababu hakuna cha kula. Katika chakula cheupe, kilaini, kilichoachwa kwenye joto la nyumba, imepata vyote vinne.

5. CHAKULA KILICHOLALA

Katika nchi ya Guinea, wakati wa kolera ya mwaka 1986, wachunguzi waliona jambo linaloweza kutufundisha sisi watu wa karanga. Walilinganisha watu waliougua na wale waliobaki wazima. Waliokula mabaki ya wali na mchuzi wa karanga ndio waliougua zaidi. Waliotia mchuzi wa tomati, ambao ni mkali kidogo, walipata kinga. Katika maabara ikaonekana kwamba mikrobe ilizidi mbio katika mchuzi wa karanga, lakini haikuzidi katika ule wa tomati, sababu mikrobe ya kolera haipendi ukali.

Ukali huohuo ndio mlinzi wa tumbo letu. Mtu mzima mwenye tumbo la kawaida, akinywa maji yenye mikrobe, asidi ya tumbo inaua sehemu kubwa sana. Katika majaribio na watu waliojitolea ilionekana kwamba lazima mikrobe karibu milioni 100 kumfanya mtu wa namna hiyo kuwa mgonjwa kama anazimeza na maji matupu. Zikiingia pamoja na chakula, au kama asidi ya tumbo ni dhaifu, hesabu inayohitajika inashuka sana.

Sasa murudi kwenye orodha. Mikrobe 1,000 zilizoletwa na mkono au inzi juu ya chakula hazipiti mlinzi kwa urahisi. Lakini kama chakula kinakaa katika joto, 1,000 inaweza kuwa milioni 1 kwa saa 3 na dakika 20 tu. Chakula kinaweza kuwa cha jana bila kunuka na bila kubadilisha rangi. Basi tule bukari na mboga vikiwa moto. Kama kitu kimebaki, tukifunike, na mbele ya kula tukirudishe kwenye mbabula mpaka kichemke kabisa hata katikati. Mama atasema makala ni bei. Ni kweli, ni bei. Lakini kilio ni bei kupita makala.

6. NAMNA INAUA

Mikrobe iliyopita tumbo inafika kwenye utumbo mwembamba. Inajishika kwenye ukuta wa utumbo na kuanza kuzaa, na zikiwa nyingi zinatoa sumu. Sumu ile haikati utumbo wala haitoboi. Inafungulia chumvi ya mwili mlango, na maji yanafuata chumvi. Ni sawa vile mtu angefungua robine zote za nyumba na kuondoka na ufunguo. Mgonjwa anatoa maji meupe kama maji ya mchele, na katika hali mbaya anaweza kupoteza mpaka litre 1 kwa saa. Macho yanaingia ndani, ngozi ukiivuta hairudi, mkojo unakatika, misuli inakaza, damu inakuwa nzito, moyo unachoka.

Kwa hiyo kinachoua ni ukavu. Mgonjwa mkali asiyetunzwa anaweza kufa kwa saa chache. Kati ya wagonjwa wa namna hiyo hata nusu wanaweza kufa. Wakitunzwa vizuri na mapema, hafi hata 1 juu ya 100. Tofauti yote hiyo ni maji na chumvi, na saa tuliyoanza kuvitoa.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi walipata kolera katika kambi ya Bongaon kule India. Maji ya kutia katika mishipa yalikwisha. Munganga Dilip Mahalanabis akaagiza watu wachanganye sukari, chumvi na maji, na jamaa wenyewe wawanyweshe wagonjwa wao. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 juu ya 100 mpaka chini ya 4 juu ya 100. Sukari ndiyo siri yake: utumbo hata ukiwa na sumu unaendelea kuvuta sukari, na sukari inavuta chumvi, na chumvi inavuta maji.

Kipimo chake ni hiki. Litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa juu, bila kilima. Hapana kuongeza chumvi, sababu ikizidi inadhuru. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, hata kama anatapika. Ungoja dakika 10, uanze tena. Na wakati anakunywa, apelekwe kituo cha afya palepale. Hapana kusema, "Tungoje tuone asubuhi." Orodha imekwisha kutuonyesha asubuhi inaleta nini. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

7. NUSU YA USAFI

Kuna wanaosema, "Sisi tunanawa, lakini si kila siku," au, "Tunatia klori kidogo tu." Tuangalie nusu ya usafi inanunua nini.

Ukiondoa nusu ya mikrobe zilizo katika chakula, umepata dakika 20. Kiisha dakika 20 ziko sawa na mbele. Ukiondoa 90 juu ya 100, umepata saa 1 na dakika chache. Ukiondoa 999 juu ya 1,000, umepata karibu saa 3 na dakika 20. Kufanya nusu ni kumkopesha adui dakika zake, na anazirudisha na faida.

Basi tufanye kazi nzima. Maji ya kunywa yachemke mpaka mapovu makubwa yanazunguka, yabaki vile dakika 1, halafu yatiwe katika chombo kilichofunikwa. Ama yatiwe klori kwa kipimo ambacho watu wa afya wametoa, na yangoje dakika zao, mara nyingi 30. Tuchote kwa kumimina, hapana kwa kuzamisha kikombe na mkono. Tunawe na sabuni, ama na majivu kama sabuni hakuna, baada ya choo, mbele ya kupika, mbele ya kula, na mbele ya kumlisha mtoto. Na anayemtunza mgonjwa ajue kwamba mililita 1 ya ule uchafu inaweza kubeba mikrobe kupita milioni 1. Kufua nguo zake mtoni, ama kumwaga ndoo karibu na kisima, ni kupanda shamba jipya.

8. DAWA NA KUJIGAWANYA

Antibiotiki nyingi zinapiga mikrobe palepale inapojigawanya. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, inazuia wajenzi wa ukuta. Mikrobe inakua, ukuta haujengeki, inapasuka. Nyingine, sawa vile doksisiklini wanayopewa wagonjwa wa kolera, inazuia kutengeneza protini, na bila protini hakuna pete wala ukuta. Lakini kwa kolera antibiotiki ni msaidizi. Maji na chumvi ndiyo dawa ya kwanza.

Kuna hatari moja. Wakati wa kunakili herufi milioni 4, mara chache sana kosa linaingia. Makosa mengi ni bure au yanaua mikrobe yenyewe. Lakini zikiwa milioni elfu, "mara chache" inakuwa mara nyingi, na kosa moja linaweza kuifanya mikrobe isisikie dawa. Mtu anayekunywa vidonge 2 vya sokoni kiisha anaacha anaua zile dhaifu na kuachia zile ngumu shamba tupu. Zenyewe zinajua kuzidisha kwa 2.

Si mikrobe zote zinaenda mbio. Ile ya kifua kikuu inajigawanya mara moja tu karibu kila saa 20 na zaidi. Ndiyo sababu kifua kikuu kinatembea polepole, na dawa yake ya kawaida inachukua miezi 6. Katika miji ya migodi kama wetu, ambapo vumbi ya mawe inaharibu mapafu na kufungulia ugonjwa huo njia, tusichoke kuwaambia wazee wetu wamalize dawa yao hata kama kikohozi kimetulia.

9. TURUDI KWENYE LUPANGO

Kolera ya siku hizi ilianza Indonesia mwaka 1961 na kufika Afrika mwaka 1970. Katika Kongo inakaa zaidi kando ya maziwa ya mashariki. Mkongomani Didier Bompangue, mtaalamu wa magonjwa ya kuambukiza, na wenzake walionyesha kwamba kanda za afya za kando ya maziwa ndizo zinaitunza kati ya mlipuko mmoja na mwingine, na kutoka kule inasafiri pamoja na watu. Goma iliona mwezi wa 7 mwaka 1994 jambo la kutisha: katika mwezi wa kwanza karibu wakimbizi 50,000 walikufa, wengi kwa kolera na kuhara damu. Na sisi wenyewe, mwanzoni mwa mwaka 2008, katikati ya mvua, kolera ilipiga Lubumbashi na Likasi.

Tufikiri basi. Miji miwili inaugua wakati mmoja. Bibi mzee wa nyumba ya nyuma, asiye na nguvu ya kufika sokoni, alifikaje katika kila lupango? London mwaka 1854 watu walikufa kwa mamia kuzunguka Broad Street. Munganga John Snow hakuuliza nani anamchukia nani. Aliuliza kila nyumba: munachota maji wapi? Majibu yakarudi kwenye pompi moja, na mkono wa pompi ukaondolewa. Ulizo hilo ndilo tunataka lichukue nafasi ya lile lingine katika Kikula. Penye kilio, mbele ya kuuliza "nani," tuulize "maji gani, chakula gani, choo gani."

Tunaomba, na tutaendelea kuomba. Lakini katika Kumbukumbu la Torati Mungu aliwaagiza Waisraeli kutoka nje ya kambi, kuchimba shimo, na kufunika uchafu wao. Hakuona usafi wa choo kuwa jambo dogo lisilomhusu. Anayeomba na kumpeleka mgonjwa kwenye kituo cha afya usiku uleule hakukosa imani. Anayemfukuza mjane nyumbani mwake juu ya kazi ya mikrobe amemshuhudia jirani yake uwongo, hata kama hakujua.

Sasa tunajua. Musome makala hii kwa sauti katika lupango lenu, na muonyeshe wazazi ile orodha.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Mikrobe 1 inagawanyika kila dakika 20. Ziko ngapi baada ya saa 4?
2. Katika mikrobe mbili zilizotoka kwa moja, ni ipi iliyo mama?
3. Mama amesafisha sahani na kuondoa mikrobe 999 juu ya 1,000, halafu chakula kikawekwa juu yake na kulala. Amepata saa ngapi?
4. Mgonjwa anahara maji meupe usiku. Tufanye nini kwanza?

Majibu: 1. Ziko 4,096. 2. Hakuna, zote mbili ni watoto. 3. Karibu saa 3 na dakika 20. 4. Tumpe maji ya sukari na chumvi, na tuondoke naye usiku uleule.